Ngumi za Usingizini

Mume wangu alinivunja pua akiwa amelala fofofo. Najua wapo watakaoguna hapo, "Mh! Amelala fofofo, eti!" Guneni mkimaliza mniambie. Pua ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyeisikia ikivunjika.

Ilikuwa alfajiri, muda ambao wauza nyama huamka kwenda machinjioni. Alianza kwa kunung'unika, akaupiga ukuta teke, halafu akakaa kitako macho yamefumba akafoka, "Tokeni! Tokeni ndani kwangu!" Nikainuka nimtulize, ngumi ikanikuta njiani. Nilianguka chini damu ikinimwagikia mdomoni, naye huko juu kitandani bado anapigana na mto, anaukaba, anauchana, vipande vya sponji vinaruka chumba kizima. Hakuamka mpaka kiwiko chake kilipogonga ubao wa kitanda. Akatazama huku na huku, anahema, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Wameondoka?"

"Akina nani, mwendawazimu wewe? Akina nani?"

Akawasha taa, akaniona nilivyo. Mwanaume mzima, mpasua mafupa ya ng'ombe, akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kulia.

Wateja walimwita Pua, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kule machinjioni wenzake wanabonyeza nyama kwa kidole, wanatazama rangi ya mafuta, wanapiga porojo. Yeye aliinama tu, akaingiza pua yake ndani ya paja, pale mfupa unapokutana na nyonga, ambapo nyama huanza kuharibika kabla haijaonyesha dalili nje. Akishanusa anasema, "Hii hapana," na hapo hakuna wa kumbishia. Bucha letu lilikuwa dogo, gogo moja la kukatia, mizani, kulabu ukutani, ila watu waliruka mabucha mengine wakaja kwetu. Yeye alikata, mimi nilipima na kusema. Maana kusema nako ni kazi, na yeye hakujaliwa.

Kupigana usingizini kulianza miaka kadhaa nyuma, kidogokidogo. Mateke tu. Nilikuwa nafanya mzaha nao wateja, "Jana mzee kapiga penalti, goli ni mgongo wangu," tunacheka. Baadaye ikawa jicho. Ikawa ubavu. Wala mchana mtu huyu hajawahi hata kuninyooshea kidole, na wanaotujua watawaambia mkali wa nyumba ile ni nani. Mchana nikimfokea ananitazama tu, anaendelea kunoa kisu chake.

Sasa kasheshe ilikuwa kwa kaka yangu. Kaka anabeba magunia ghalani, wenzake wanamwita Winchi, na ukimwona huulizi kwa nini. Ndiye aliyenilea. Tulikuwa na dada mkubwa, na dada huyo kila alipokuja na uso umevimba alituambia ameanguka bafuni. Tukampa pole, tukamkanda na maji ya moto, akarudi kwa mumewe. Tulipokuja kumzika, shingoni alikuwa na alama za vidole. Kaka alimwosha uso yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi kwa wanawake, na tangu siku hiyo neno bafuni halitajwi mbele yake.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipotokea bucha na pua imevimba mpaka machoni, pamba kila tundu, nilikuwa na uongo wangu tayari. Kaka alipopita nikamwambia mguu wa ng'ombe ulichomoka kwenye kulabu ukanipiga. Kaka aliitazama ile kulabu. Akamtazama shemeji yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa.

"Sikia, shemeji," akasema, wala hakupandisha sauti. "Nikiona alama nyingine moja juu ya huyu, namchukua. Na wewe nakuacha hapo chini, hutainuka."

Akanunua nusu kilo, akalipa, akaondoka. Nikakaa juu ya ndoo.

Juma lile ndilo lililotumaliza. Mimi pua imeziba kwa damu na pamba, nasikia harufu ya nini? Sisikii kitu. Sikuwa na wasiwasi, nilijua Pua mwenyewe yupo. Akaleta nusu ng'ombe, rangi nzuri, nyekundu ya kupendeza, tukaitundika. Mama mwenye mgahawa wa kona akachukua paja zima, akapika sufuria kubwa la mchana.

Kesho yake akaja na hilo sufuria. Nyuma yake kundi la watu, wengine wameshika matumbo, wengine wana mawe. "Mmetulisha mzoga!" akapiga kelele, na mchuzi wote, mchachu, ukamwagikia gogo, mizani na nguo zetu. Kuna mtu alipiga kioo cha mbele kikashuka chote. Kijana mmoja fundi wa pikipiki aliruka juu ya meza, akanyakua sahani ya mizani, akampiga nayo mume wangu kichwani, ukingo wake ukapasua ngozi juu ya sikio. Akapiga tena. Mimi nilikuwa na mpira wa maji, nikautumia kama mjeledi, nikawachapa machoni, natukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Hapo, katikati ya fujo, nikaona kitu kikaniganda machoni. Ile sahani ilipokuja mara ya tatu mume wangu aliiona. Aliitazama ikija. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda, polepole, ukaishia kiunoni, na sahani ikampiga usoni.

Watu walipochoka wakaondoka na nyama nyingine, mzoga huohuo. Nikabaki naye sakafuni kwenye vigae na mchuzi.

"Hukusikia harufu?" nikamuuliza. "Wewe, Pua, hukusikia?"

Akapangusa damu jichoni. "Sisikii kitu."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu. Hata sabuni sisikii. Hata wewe."

"Na ulikuwa unainama pale machinjioni unanusa nini?"

"Ningewaambia nini?" akasema. "Nikaona nitumie macho."

Wallahi nilitaka kumzaba kibao juu ya vidonda vyake. Nyumba nzima haina pua hata moja, na tunauza nyama! Badala yake nikacheka, cheko la uchungu, damu ikaanza upya kunitoka puani.

Hospitali alikuwepo daktari wa zamu, mwanamke mtaratibu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alikuwa anamshona mume wangu kichwa huku akinitazama mimi.

"Na wewe pua yako? Hii si ya leo."

"Mguu wa ng'ombe," nikasema.

"Ni mimi," mume wangu akadakia. "Nilimpiga. Nilikuwa usingizini."

Nilijua atacheka, au ataita askari. Daktari alisimamisha sindano. "Usingizini unakuwaje?" Nikamweleza mimi, mateke, ngumi, kelele. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudi kwake. "Mzee, nijibu hili. Harufu unasikia?"

Hakuna aliyemwambia habari ya harufu. Yeye alijua tumepigwa na wateja, basi. Mume wangu akatikisa kichwa. Daktari akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea. Miaka yote hiyo nalala naye sikuona kuwa mkono wa kushoto unabembea na wa kulia umening'inia tu.

Alitutuma kwa bingwa wa ubongo, akalazwa na nyaya kichwani wamtazame akilala, na huko nako akampiga teke mhudumu. Bingwa akatuambia lilelile aliloanza kutuambia yule wa zamu. Kwamba mtu akiota, ubongo huufunga mwili usiifuate ndoto. Kwamba kwa mume wangu kile kifungo kimelegea.

"Na si kifungo tu," akasema. "Hii huja mapema, miaka kabla ya ugonjwa wenyewe. Harufu kupotea, usingizi kuwa vita. Kisha mwili hukakamaa, mikono hutetemeka, wengine kumbukumbu hupotea. Si wote. Lakini wengi."

"Dawa?" nikauliza.

"Ya kupunguza vita vya usiku ipo. Ya kuzuia hayo mengine bado hatuna. Visu viondoke nyumbani. Na msilale kitanda kimoja."

Kisha akamuuliza mume wangu huwa anaota nini. Nilikuwa sijawahi kumuuliza, kwa kweli. Nilidhani majambazi, nilidhani mbwa.

"Watu," akasema akitazama mikono yake. "Sura zao sizijui. Wanaingia bucha, wanamshika mke wangu nywele, wanamburuta. Kila mara wanamburuta yeye. Mimi nawapiga."

Nilitoka nje. Nilikwenda kusimama kwenye korido nikalia kwa sauti, watu wakanipisha wakidhani nimefiwa. Kumbe ngumi zote zile alikuwa ananipigania.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa kaka, nikamweleza kila kitu, ubongo, kifungo, harufu, nyaya. Alikuwa anakula. Alisogeza sahani.

"Anakupiga akiwa usingizini," akasema.

"Ndiyo, kaka. Ni ugonjwa."

"Na dada alianguka bafuni."

"Kaka, daktari mwenyewe..."

"Daktari ndiye atakayekuzika? Nimekwambia alama moja. Sijabadilisha."

Nikarudi nyumbani. Visu vyote, hata cha kumenyea vitunguu, vikahamia bucha. Yeye akalala chini kwenye godoro, mimi kitandani, dirisha nikaliziba kwa sponji asije akavunja kioo. Vidonge vilimsaidia, siwezi kusema uongo. Alinung'unika, akapunga mkono, akatulia. Bucha likafunguliwa tena, na asubuhi mimi ndiye niliyekwenda naye machinjioni nikainama kwenye mapaja, pua yangu imepona ingawa imepinda. Wale wanaume walicheka wee! Nikawaambia anayecheka alete nyama yake kwanza niinuse. Nilianza kuamini kwamba kaka atasahau.

Mpaka alfajiri ile. Nilisikia kichwa chake kikigonga ukuta, du, du, anakimbia akiwa amelala, kila hatua anajitwanga paji la uso kwenye saruji. Damu ilikuwa imeshachora ukuta. Nikaita kutoka mbali, kama tulivyofundishwa. Nikaita tena. Hasikii. Ningefanyaje, nimwache apasuke bongo nikitazama? Nikashuka na mto niuweke kati ya kichwa na ukuta, na mikono yake ikanikuta shingoni.

Mikono hiyo naijua. Hutenganisha paja na nyonga bila shoka. Ilinibana mpaka chumba kikawa cheusi na masikio yakapiga kengele, huku ananifokea usoni, "Hamumchukui! Hamumchukui!" Nilimpiga magoti, nikamkwaruza uso, wapi! Hewa ilikuwa inakwisha. Nikageuza shingo kidogo, nikapata kifundo cha mkono, nikauma. Niliuma kama mbwa, mpaka meno yakagusa kitu kigumu na mdomo ukajaa damu yake. Akapiga yowe, akaachia.

Tulilala hapo sakafuni, tunahema.

"Wameondoka?" akauliza.

Sikuwa na sauti ya kumjibu.

Asubuhi alama zilikuwa zimekwishatokea, vidole vyote, nyeusi, kushoto na kulia. Nilijitazama kwenye kioo nikamwona dada. Niliogopa, nikasema moyoni, huyu ataniua, kwa mapenzi yake yote ataniua. Kisha nikavaa mtandio, nikauzungusha shingoni, nikaenda kazini, kwa sababu nyama haingoji.

Kaka alipita kama kawaida yake ya kunikagua. Joto la bucha, mafeni hayafui dafu, na mimi nimejifunga mtandio. Alinyoosha kidole kimoja juu ya mizani, akaushusha mtandio, akatazama. Uso wake ulikauka. Akaurudisha mtandio pale pale, taratibu, akaukunja vizuri, akaondoka bila hata kununua.

"Funga bucha," nikamwambia mume wangu. "Funga, twende!"

"Twende wapi?" akaniuliza. Na kweli, wapi?

Walirudi watatu, kaka na wabebaji wenzake wawili, bado wana vumbi la saruji mabegani. Mmoja akashusha nusu ya mlango wa chuma. Wateja walitoka mbio.

"Twende," kaka akaniambia.

"Siendi."

"Sikukuuliza." Akanishika nywele, mkono mzima, akanivuta juu ya meza. Mizani ikaanguka, nyama zikaanguka, mbavu zangu zikakwaruzika kwenye kingo. Nilisikia ngozi ya kichwa ikitaka kuachana na fuvu.

Mume wangu alikuwa kwenye gogo na kisu kirefu mkononi. Jambo la kwanza alilofanya ni kukiweka kisu chini. Nataka hilo lijulikane. Aliiogopa mikono yake mwenyewe, akaweka kisu chini, ndipo akaja.

"Mwacheni," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kufifia siku hizo. Nadhani wale wengine hata hawakumsikia. "Mwacheni mke wangu."

Wa kwanza alimpiga tumboni. Wa pili akampiga mdomo, meno yakatoka, nikayaona kwenye vigae. Alijaribu kuinua mkono. Nilimwona anajaribu, bega linatetemeka, uso umejikunja kwa juhudi, mkono unapanda hadi kifuani na kukwama. Mtu ambaye alfajiri ile ile alikuwa karibu kunitoa roho, hakuweza kuyakinga meno yake. Akaanguka. Wakampiga mateke, mbavu zikalia, naye hakupiga hata kelele. Alikuwa ananitazama mimi ninavyoburutwa.

Damu ikanipanda kichwani. Karibu na mkono wangu lilikuwepo beseni la mifupa ya supu. Nikachomoa mfupa wa paja, mzito, wenye kichwa chake kizima, nikaushusha kwenye mkono ulioshika nywele zangu. Mfupa kwa mfupa. Wa kaka ndio uliokubali. Alinguruma, akaachia, na mimi nikapiga tena, begani, kisha nikamgeukia yule mwenye mateke nikampa wa taya, akakaa chini kama gunia. Wa tatu hakungoja.

Kaka alikuwa ameegemea mlango, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. "Umenipiga mimi?" akasema. "Mimi?"

"Nitakuua," nikamwambia, na nilimaanisha. "Msogelee tena uone."

Alianza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya dada. "Naye alinifukuza hivi hivi," akasema. "Alisimama mlangoni akaniambia nimwachie mume wake. Nikamsikiliza."

Alimwinua mwenzake kwa mkono mzima, wakainama chini ya mlango wa chuma, wakaondoka. Nikaushusha mpaka chini, nikatia komeo, nikaanguka magotini kwenye damu ambayo sikujua ipi ya ng'ombe ipi yetu.

Mume wangu alikuwa amejikunja kando ya gogo. Nikamgeuza. Jicho moja limefumba, lingine wazi kabisa, jicho kavu la mtu aliye macho.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka."

"Walikuburuta kwa nywele."

"Waliniburuta."

Akajaribu kuinua ule mkono wa kulia aniguse kichwa, ukakwama. "Sikuwapiga," akasema.

"Niliwapiga mimi," nikamwambia, nikaushika mkono wake, wenye alama ya meno yangu, nikaumalizia njia uliyokuwa umebakisha.